Ng'ombe wa Mwisho Kwenye Foleni

Siku mliyoniaga pale ofisini Musoma, mmoja wenu aliniomba niseme neno kwa wanaobaki. Nilisimama, nikashukuru kwa soda na kwa saa ya ukutani, nikaketi. Baadaye nilisikia kuna waliosema mzee ana maringo. Ukweli ni kwamba sikujua nianzie wapi. Aliyekuwa akinianzishia mazungumzo ni Tabitha, mke wangu, na tulikuwa tumemzika mwaka mmoja kabla.

Sasa niko Kitaji, katika nyumba yenye vyumba vitatu na mtu mmoja. Watoto hupiga simu Jumapili. Nina muda, kwa hiyo naandika lile neno mliloniomba. Elimu yangu ni darasa la saba, mnisamehe mpangilio. Msitafute humu nilipandishwa cheo lini. Nilianza kama mhudumu wa josho, nikamaliza kama msaidizi wa mifugo, na katikati palikuwa na barua za uhamisho.

Josho langu la kwanza lilikuwa upande wa Suguti. Wengi wenu mmekuta ng'ombe wanapuliziwa kwa bomba, kwa hiyo nieleze. Josho ni shimo refu lililojengwa kwa saruji, limejaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe wanaingia kwenye kichochoro chembamba mmoja mmoja, wanaruka ndani, wanazama mpaka pembe, wanaogelea, wanapanda ngazi upande wa pili na kusimama kwenye sakafu ya mteremko mpaka maji yachuruzike na kurudi shimoni. Kazi ya mhudumu ni kupima maji, kuongeza dawa, kuwahesabu ng'ombe na kugombana na wenye ng'ombe.

Aliyenipokea ni Mzee Maregesi, mhudumu wa miaka mingi, mtu mwembamba aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Siku ya kwanza alinipa kijiti cha kupimia, mti mrefu wenye alama za rangi nyekundu.

"Hiki ndicho mwalimu wako," aliniambia. "Unakizamisha, unasoma alama. Halafu unaangalia jedwali kwenye kitabu. Maji yameshuka alama moja, dawa kiasi hiki. Yameshuka mbili, kiasi kile. Basi."

Nikamwuliza, "Na kwa nini iwe kiasi hicho, mzee?"

"Waliosoma walishajiulizaga. Sisi tunasoma kijiti."

Alinifundisha mengi mazuri. Alinifundisha kunawa mikono kabla ya kushika chakula, kutosimama nyuma ya ng'ombe mwenye ndama, kushika masikio ya ng'ombe na kusikia kama tezi zimevimba, kukataa mbuzi wa zawadi. Hakuwahi kuiba hata kifuniko cha dawa. Nilimpenda kama baba na bado nampenda. Alinifundisha kazi yote isipokuwa kuuliza, na mimi sikuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Kutoka Suguti nilihamishiwa Bunda, kwa wakulima wa pamba wenye ng'ombe. Huko nilijiona mwerevu. Siku moja bwana mmoja aliniletea ndama watatu wanatokwa na povu mdomoni, miguu inatetemeka. Alikuwa amewapulizia dawa ya kupe kwa bomba lile lile la kupulizia pamba. Aliapa kwamba bomba ameliosha mara tatu.

Nikajaza maji kwenye bomba lake, nikamwagia kwenye kikombe, nikampa. "Kunywa."

"Ee, Bwana Josho! Unataka kuniua?"

"Umeliosha mara tatu."

"Lakini si lilikuwa na sumu ya pamba!"

"Basi na ndama angekataa, kama ungemwuliza."

Watu walicheka, na kile kisa kikanipa jina. Wakasema huyu anafikiri. Nami nikakubali kwamba nafikiri. Nilichokuwa sijajua ni kwamba kuliona kosa la mtu mwingine ni kazi nyepesi sana, hata mlevi anaiweza.

Halafu nikapelekwa kijiji kimoja upande wa Butiama, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Kijiji sikitaji, kwa sababu watu wake bado wapo. Siku ya josho ilikuwa Jumanne. Foleni ilikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyeuandika. Mzee Mafuru alitangulia, kwa kuwa alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wote na maksai wake ndio waliosomba mawe ya kujengea josho. Walifuata wenye ng'ombe wengi, halafu wa kati, halafu wa wachache. Mwisho kabisa wajane, maana hawakuwa na mwanamume wa kusukumana pale mlangoni. Ng'ombe wa kwanza aliruka saa moja asubuhi. Wa mwisho aliruka saa nane mchana, wakati mwingine saa tisa. Nilikuta hivyo, nikaendelea hivyo. Wenye wengi wawasubiri wenye wachache wamalize? Hata mimi niliona ni sawa.

Wa mwisho kabisa alikuwa Nyangeta. Mumewe, mdogo wake Mzee Mafuru, alikuwa amefariki na kumwachia mabinti wawili na ng'ombe kumi na mmoja. Shemeji yake huyo alitaka kumrithi kwa desturi ya kwao. Yeye alikataa, akasema atalea watoto wake kwenye nyumba yake. Hakukataa kwa matusi. Alikataa kwa kuendelea kulima.

Mwaka ule ng'ombe wake wakaanza kufa. Ilikuwa ndigana kali, ile ya kupe: tezi chini ya sikio zinavimba, ng'ombe anapata homa, anahema, mwishoni povu linatoka puani na amekwisha. Kwanza ndama wawili. Halafu wakubwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka wanane walipokuwa wamekufa. Na kwa Mafuru, hatua mia mbili kutoka pale, ng'ombe walinenepa.

Ukoo ukaitisha kikao nyumbani kwa Mafuru, nami nikaitwa kama mtaalamu. Maneno yalikuwa yameshasambaa kabla sijafika: mwanamke aliyekataa kurithiwa ameiacha nyumba wazi, na marehemu amekasirika. Waliotaka kuwa wapole walisema nyumba ile ina mkosi tu. Lakini mapendekezo yalikuwa yale yale, kwamba ng'ombe watatu waliobaki wahamie kwenye zizi la Mafuru wapone.

Nyangeta alikuwa amekaa chini pembeni na mabinti zake. Hakuwajibu wao. Alinigeukia mimi.

"Bwana Josho, ng'ombe wangu wanaogaga josho moja na la shemeji. Kila Jumanne, hata mvua inyeshe. Wewe ndiye unayeweka dawa. Niambie, kwa nini wangu tu?"

Naandika nilichojibu kama nilivyojibu, kwa sababu sijakisahau hata siku moja. Nilisema, "Mama, dawa ni ile ile na maji ni yale yale. Josho halichagui ng'ombe ni wa nani."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Umesikia? Hata serikali imesema."

Sikusema uongo kwa makusudi. Nilisema kilichokuwa kwenye kitabu. Kila baada ya muda nilijaza chupa ya maji ya josho asubuhi kabla ng'ombe hawajaingia, ikapelekwa kupimwa, na majibu yalirudi yakisema nguvu ya dawa inatosha. Kitu kingine ningejibu nini? Lakini kwa sentensi yangu ile, ng'ombe watatu walifunguliwa jioni ile ile, wakahamishwa.

Na walipona. Hilo ndilo lililommaliza Nyangeta. Wiki tatu hazijapita, ng'ombe waliokuwa wamekonda kwa Nyangeta waling'aa kwa Mafuru. Nani tena angebisha? Mimi mwenyewe, mtu wa kanisani, niliamini kwamba kuna kitu kwenye nyumba ile. Niliamini kwa karibu mwaka mzima. Nyangeta alifunga mlango wake, akaenda na watoto kwa kaka yake Mugango, ziwani.

Sasa nifike kwenye beseni. Tabitha alikuwa akifua Jumamosi nyuma ya nyumba, nami nimekaa naye nakunywa uji. Nikamlalamikia kwamba ovaroli yangu haitakati hata siku moja.

"Itatakataje, Baba Neema, na wewe ndiye wa mwisho? Natangulizaga mashati ya shule. Ikifika zamu yako sabuni imeshaliwa."

"Si maji ni yale yale?"

"Maji ndiyo yale yale," alisema, akachota kwa kiganja na kunionyesha. "Povu liko wapi?"

Beseni lilikuwa limejaa kama alivyolianza. Povu halikuwepo. Niliweka kikombe chini.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu mtu akisimulia hivi inaonekana kama radi ilipiga. Haikupiga. Nilikaa pale nikiwa na hofu, maana nilianza kuona nitakapofika, na sikutaka kufika. Nilijilazimisha kuanza chini kabisa, kama mtu asiyewahi kuona josho. Dawa inaua kupe kwa namna gani? Kwa kumgusa. Inamgusaje? Kwa kushika kwenye manyoya ya ng'ombe. Ikishika kwenye manyoya, inaenda wapi? Inaondoka na ng'ombe. Maji yanachuruzika na kurudi shimoni, dawa inabaki mgongoni. Kwa hiyo kila ng'ombe anachukua dawa nyingi kuliko maji. Na kijiti changu kinapima nini? Maji.

Miaka yote ile nilikuwa napima maji nikadhani napima dawa. Na sampuli yangu niliichota asubuhi, wakati ng'ombe wa Nyangeta wanaoga mchana. Mwisho wa siku nilikuwa naongeza dawa kwa jedwali, kwa hiyo Jumanne iliyofuata asubuhi kila kitu kilikuwa sawa tena, kwa Mafuru. Jedwali lenyewe liliandikwa wakati kijiji kina ng'ombe nusu ya wale. Na tofauti kati ya ng'ombe wa Mafuru na wa Nyangeta ilikuwa ni foleni. Wale watatu walipona kwa sababu walianza kuoga asubuhi.

Nilimweleza Tabitha. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya maji.

"Inaonekana kweli," alisema. "Hata ya mkosi ilionekana kweli. Utajuaje?"

Hilo swali lake lina thamani kuliko semina zote nilizohudhuria. Nikajaribu kupata jibu kwa vitu nilivyokuwa navyo. Jumanne nikachuma kupe kwenye ng'ombe kabla hawajaoga, nikawagawa makundi matatu ya kumi na wawili. Wa kwanza niliwatumbukiza kwenye maji ya josho ya asubuhi kwa kuhesabu mpaka mia moja. Wa pili kwenye maji ya saa nane. Wa tatu kwenye maji ya kisima yasiyo na kitu, kwa sababu nilifikiri, je, kama kupe anakufa tu kwa kufungiwa? Nikawaweka kwenye chupa tatu tupu za dawa ya kikohozi, nikafunga midomo kwa kitambaa na mpira wa baiskeli. Niliandika kwenye karatasi na kubandika: asubuhi, mchana, kisima.

Tabitha akabandua karatasi zote.

"Unafanya nini wewe?"

"Unataka sana uwe sahihi. Utaona kupe anatembea hata kama amekufa. Nitaweka alama zangu mimi, wewe uhesabu tu."

Siku ya nne nilihesabu. Kwenye chupa moja wote walikuwa wamekufa. Kwenye mbili walikuwa wanatembea, wamekufa wawili watatu. Tabitha akasoma alama zake. Ya waliokufa ilikuwa asubuhi. Mchana na kisima huwezi kutofautisha. Yaani ng'ombe wa Nyangeta walikuwa wanaogeshwa maji.

"Rudia," Tabitha akasema. Nilirudia Jumanne tatu. Majibu yalikuwa yale yale.

Nikapanda basi kwenda kwa bosi wangu wa wilaya na chupa zangu kwenye mfuko. Alikuwa mtu mzuri mwenye kazi nyingi. Alitazama kupe, akatazama saa. "Sampuli zako ziko sawa, zipo kwenye faili. Unataka kuwa daktari? Fuata jedwali." Njiani kurudi nikapitia Suguti kwa Mzee Maregesi, aliyekuwa amestaafu na haoni vizuri. Nikamsimulia. Alivutavuta koti lake.

"Hata mimi nilionaga," alisema. "Kupe wazima mgongoni, mchana, ng'ombe ametoka kuoga. Nikasema labda ni macho yangu."

"Ulimwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Kitabu kilisema wamekufa."

Sikumlaumu. Lakini niliporudi kwenye basi nilijisikia peke yangu kuliko nilivyowahi kujisikia. Kitabu kilikuwa upande mmoja, bosi na mwalimu wangu wote upande huo, na kwangu walikuwepo Tabitha, mwanamke wa darasa la nne, na chupa tatu za wadudu. Huwa mnasikia watu wakisifia kufikiri kwa kichwa chako mwenyewe. Hawawaambii kwamba unapomaliza kufikiri unageuka na hakuna mtu nyuma yako.

Nilianzia Mugango. Nilijiambia kwamba Nyangeta ana haki ya kusikia kwanza. Ukweli ni kwamba nilitumaini akinisamehe kule ziwani, yale mengine yataisha kimya kimya. Nilimkuta anaanika dagaa mchangani, ameinama. Alinisalimia kwa adabu, akaniletea kigoda, akaendelea kuanika. Nikasema yote. Nilisema mpaka habari ya beseni.

"Umekuja mpaka huku kuniambia si mimi?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilishajua si mimi. Nilikuwa ndani ya nyumba ile. Sikufanya kitu."

Alisogea hatua moja, akaendelea kuanika.

"Yale maneno yako uliyasemea wapi, Bwana Josho?"

"Kwa shemeji yako. Mbele ya ukoo."

"Basi huku umepotea njia."

Akageuza dagaa upande wa pili. Binti yake mkubwa alinisindikiza mpaka barabarani.

Jumanne iliyofuata nilisimamisha kazi kabla ng'ombe wa kwanza hajaruka. Nilipanda kwenye ukuta wa sakafu ya kuchuruzia, chupa mkononi. Watu walidhani natangaza chanjo.

"Kwenye kikao cha Mzee Mafuru nilisema josho halichagui," niliwaambia. "Nilikosea. Niliulizwa swali na sikuwa nimeangalia, nikajibu. Josho linachagua. Linampa dawa anayetangulia na linampa maji anayefuata nyuma." Nikaeleza kwa habari ya sabuni, kisha nikapitisha chupa.

Mzee Mafuru aliinua moja akaitazama juani. "Bwana Josho, unafuga kupe sasa? Sisi tunakuja kuwaua, wewe unawalisha?"

Kicheko kikazuka. Mwingine akadakia, "Mwacheni, atawaogesha Alhamisi!"

"Siku zote hizi ukikaa peke yako pale mchana," Mafuru akaendelea, "ndiyo ulikuwa unawaza haya? Mke wa mdogo wangu alikutuma?"

"Nilimfuata mimi. Alinifukuza."

Walicheka tena, na nikaona limekwisha. Nilikuwa nimeanza kushuka ukutani. Ndipo Mzee Kisiri, mtu wa ng'ombe sita ambaye siku zote alikuwa karibu na mkia wa foleni, akauliza bila kupaza sauti:

"Mafuru, kwako wamekufa ndama wangapi mwaka huu?"

"Kwangu? Mmoja. Alikanyagwa."

"Mimi wanne."

"Wanne? Lini? Hukusema."

"Niseme ili na nyumba yangu mseme ina kitu?"

Kicheko kilikatika. Mama mmoja aliyekuwa ameegemea uzio akasema, "Na sisi wawili, na jike mmoja."

"Wewe si ulisema uliwauza?" jirani yake akamgeukia.

"Ningesemaje?"

Wakaendelea kutajana, mmoja mmoja, wote wa nusu ya nyuma. Kila mmoja alikuwa amezika ndama wake na kunyamaza, akidhani ni aibu ya nyumba yake tu. Nyangeta alikuwa tofauti kwa kitu kimoja: alikuwa wa mwisho kabisa, kwa hiyo wake walikufa wengi kiasi cha kutofichika. Na aliuliza kwa sauti.

Mafuru si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, wajukuu zake wanaweza kusoma haya. Alisimama akiwa na ile chupa mkononi, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo wangu wakioga mwisho, watakufa?"

"Watakufa, mzee."

Alipiga mluzi, wachungaji wake wakageuza ng'ombe, wakaondoka bila kuoga. Waliobaki wakanitazama nifanye nini. Nikaogesha waliokuwepo. Saa sita nikapima, nikaongeza nusu ya dawa niliyozoea kuongeza jioni, hivyo hivyo bila ruhusa ya mtu. Mpaka nastaafu nilikuwa nagawa hivyo mara mbili.

Wiki ile wazee walikaa bila kuniita. Walikubaliana kwamba foleni igeuke: aliyekuwa wa mwisho Jumanne hii atangulie ijayo. Mafuru alikubali, kwa shingo upande, baada ya kina Kisiri kusema wasipokubaliwa hawatashiriki kuzibua mtaro wa josho. Ng'ombe watatu wa Nyangeta hakuwarudisha. Alisema wameshazoea kwake na mmoja ana mimba, na sikusikia mzee yeyote akimlazimisha. Hilo nalo ni sehemu ya hesabu yangu. Nilisahihisha sentensi, lakini kilichobebwa na sentensi ile kilikuwa kimeshakwenda.

Habari zilifika Mugango zenyewe. Mwezi wa pili tangu siku ile nikaambiwa mlango wa Nyangeta umefunguliwa na anatengeneza paa. Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya nyuma kutangulia. Alikuja saa moja asubuhi akiwa na mtamba mmoja mwekundu aliyepewa na kaka yake. Watu walimpisha. Mafuru alikuwa nyuma kabisa na kundi lake lote, ameegemea fimbo, anatazama pembeni.

Mtamba yule hakuwahi kuona josho. Ng'ombe mgeni kwa kawaida tunamtanguliza mzoefu mbele yake, anamwona mwenzake ameruka na kutoka salama, naye anaruka. Siku ile hapakuwa na ng'ombe mbele. Alifika kwenye ukingo, akanusa, akarudisha mguu. Maji yalikuwa yametulia, rangi ya maziwa. Nyuma kelele zikaanza.

"Msukume!"

"Mpindeni mkia huyo, jua linapanda!"

Nikashika fimbo yangu nikasogea. Nyangeta aliweka mkono wake mbele yangu, bila kunigusa.

"Mwache aangalie."

Tukasubiri. Kundi zima la kijiji lilisubiri mtamba mmoja. Alinusa tena. Aliinua kichwa akatazama ngazi za upande wa pili, kisha akakunja miguu ya mbele na kuruka. Alizama mpaka pembe, akaibuka akipiga chafya, akaogelea mpaka mwisho na kupanda, anachuruzika.

Nyangeta alizunguka josho kwenda kumpokea. Njiani aliwasalimia watu wote waliokuwa kwenye uzio, mmoja mmoja kwa jina. Alipofika kwangu alisema, "Mmoja," ili nihesabu, akapita. Nilikaa pale miaka mingine minne, na kila Jumanne alinitajia idadi ya ng'ombe wake. Wakawa wawili, wakawa watano. Zaidi ya idadi hiyo hakuniambia neno.